Nembo Haing'olewi kwa Bisibisi

Toyota Corolla ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ile ambayo Nairobi nzima huiita DX, hubeba jina lake kwenye buti kwa miguu usiyoiona. Nje kuna herufi tu, zimepauka, pengine moja imekatika mkono. Nyuma ya kila kipande kuna vijiti vyembamba vilivyopenya bati, na kwa ndani vimebanwa kwa vibanio vidogo. Ndiyo maana fundi anayeijua kazi, akiletewa gari la umri huo abadilishe nembo, huanza kwa kuipa nembo kisogo. Hufungua buti, huinama chini ya mfuniko, huingiza mkono kwenye uwazi ulio kati ya bati mbili na kupapasa. Macho hayamsaidii hapo. Anahesabu vibanio kwa ncha za vidole, anahisi kipi kimelegea na kipi kimeshikwa na kutu, na mkono ukitoka ameshajua jinsi kilivyoshikwa kitu ambacho mwenye gari amekitazama miaka yote bila kujiuliza.

Kibanio kilichonyeshewa tangu enzi za namba za gari zisizo na herufi ya mwisho hakitoki siku hiyo hiyo. Hutiwa matone ya mafuta ya kulegeza kutu, na yasipopatikana, dizeli iliyochanganywa na oili kidogo, kisha kikaachwa kilale. Mteja mwenye haraka hukunja uso.

"Fundi, si ni logo tu?"

"Ni logo, mkubwa. Lakini imeshikana na bati, na bati ni lako."

Kesho yake vijiti husukumwa kutoka ndani kwa kipande cha mti laini, kidogo huku, kidogo kule, ili nembo itoke ikiwa sambamba na bati. Upande mmoja ukitangulia, vijiti vya upande wa pili hupinda na kukwaruza kingo za matundu yao, na ukingo uliokwaruzwa rangi ndipo kutu huingilia. Kijana mwenye bisibisi angemaliza kwa dakika moja. Angechomeka ncha chini ya herufi, angeibinua, na ingetoka. Ingetoka na mguu mmoja umebaki ndani ya tundu, rangi imechunika umbo la mwezi mchanga, na bati limebonyea mahali bisibisi ilipoegemea. Sina uvumilivu na bisibisi katika kazi hii. Chombo kizuri sana kwa skrubu.

Kazi hii hufanyika vizuri mahali ambapo watu hawatarajii. Ziko gereji kubwa za Industrial Area zenye mashine za kuinua gari na vyumba vya kukaushia rangi, lakini mwenye DX, au mwalimu mstaafu mwenye Peugeot 504, huwa hapeleki gari huko. Huteremka Naivasha Road kutoka Dagoretti Corner hadi Kawangware, au hushika Kibera Drive mpaka karibu na Makina, ambako karakana ni mabati manne, turubai na kipande cha ardhi kilichoshindiliwa na oili ya miaka. Gari hutengenezwa nje, chini ya jua, huku wapita njia wakitoa maoni bila kuulizwa. Ni mazingira magumu kwa kazi inayotaka usafi na utulivu. Vumbi likipulizwa na matatu ya 46 hutua juu ya gundi mbichi bila huruma. Hilo lenyewe limewafunza mafundi hawa mambo ambayo aliye ndani ya chumba cha vioo hahitaji kuyajua: saa za upepo, upande wa kuegesha gari, na siku ya kumwambia mteja arudi.

Sababu ya kung'oa nembo mara nyingi ni rangi. Gari likipigwa rangi upya, wapakaji wako wa aina mbili. Wa kwanza huzungushia nembo karatasi ya gazeti na masking tepu, akapuliza rangi hadi ukingoni, akabandua karatasi, akapokea pesa. Gari hung'aa. Baada ya misimu miwili ya mvua, rangi mpya huanza kuinuka pale ilipokomea kwenye ukingo wa nembo, kwa sababu hapo hapakupigwa msasa vizuri na maji yamepata mlango. Wa pili huitoa nembo kwanza. Ukitaka kununua gari kuukuu na muuzaji anaapa kwamba rangi ni ya kiwandani, pitisha ukucha kuzunguka nembo. Kiwandani gari hupakwa rangi likiwa tupu, nembo huja baadaye, kwa hiyo hakuna ngazi ya rangi ukingoni. Ukucha ukikwama, unajua.

Magari ya baadaye hayana miguu mingi namna hiyo. Nembo nyingi hushikwa na tepu nene ya povu yenye gundi pande mbili. Kampuni ya 3M ya Marekani ilileta tepu za aina hii, zinazoitwa VHB, mwaka 1980, na tangu hapo watengenezaji wa magari wamezidi kupunguza matundu kwenye bati. Tundu lisilokuwepo haliingizi maji. Kwa fundi, hata hivyo, adui amebadilika. Kutu huiona, povu limejificha, na limetengenezwa makusudi lisiachie.

Joto ndilo linalolilainisha. Gari huegeshwa makalio yakiangalia jua la saa nane, na hiyo ni nusu ya kazi bila gharama. Iliyobaki hufanywa kwa draya ya kukaushia nywele iliyoazimwa saluni ya jirani, au, stima ikipotea, kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji moto. Mkono wa fundi hukaa karibu na bati muda wote. Kipimo chake ni ngozi: bati likimchoma kiganja, limemchoma rangi pia, na husubiri. Halafu huja uzi. Mafundi wengine hutumia mshipi wa kuvulia samaki, wengine uzi wa nailoni wa washona viatu. Huuzungusha kwenye vidole viwili vya kila mkono, huuingiza nyuma ya nembo kwenye kona ya juu, na kuanza kuuvuta huku na huku akiteremka, kama mwenye duka anavyokata mche wa sabuni kwa waya. Uzi hupita katikati ya povu. Haugusi rangi, haugusi nembo. Ukisikika mkwaruzo, umekwenda kando, na fundi hurudi nyuma nusu inchi na kuanza tena. Herufi ikikaribia kuachia, kijana msaidizi huishika kwa chini ili isianguke, kwa maana plastiki iliyopigwa kromu ikidondoka kwenye kokoto haifai tena.

Sehemu inayonivutia zaidi ni ile isiyopendeza kutazama. Nembo imetoka, na nyuma yake umebaki utando mweusi wa povu na gundi, umeshika rangi kwa ukaidi. Hapo ndipo mwenye pupa hufikia chupa ya thina. Fundi mzuri hutumia kidole gumba. Husugua utando ukiwa bado na joto, ukajiviringisha vipunje vipunje, akavipangusa, akasugua tena. Kazi ya dakika arobaini kwa kidole kimoja, na baadaye kidole cha pili cha kwanza kikichoka. Kinachobaki hupanguswa kwa mafuta ya taa kwenye kitambaa cha pamba, kisha kwa maji ya sabuni kuondoa mafuta yenyewe, kwa sababu hakuna gundi itakayoshika juu ya mafuta.

Thina huogopwa kwa sababu ya msingi. Rangi ya kiwandani huokwa kwenye joto la nyuzi 140 hivi, ikashikana kuwa kitu kimoja kigumu ambacho thina haikiwezi kwa urahisi. Rangi iliyopulizwa kando ya barabara haikuokwa. Ikiwa ilichanganywa na dawa yake ya kukaza, ina nguvu ya kutosha. Ikiwa ni ile ya bei nafuu inayokauka kwa kupoteza thina hewani tu, basi thina ikirudi juu yake, hata baada ya miaka, huilainisha tena kama iliyopakwa jana. Kwa hiyo fundi hujaribu kwanza mahali pasipoonekana, chini ya mfuniko wa buti au kwenye fremu ya mlango, kwa ncha ya kitambaa. Kitambaa kikitoka na rangi, chupa hufungwa na kidole gumba hurudi kazini.

Utando ukiisha, jina bado lipo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jua lake hula rangi hata katika miezi ambayo watu huvaa sweta. Bati lililokaa chini ya herufi halikuliwa. Ukilitazama kwa pembeni unasoma COROLLA kwa rangi nzito kuliko buti nzima. Kivuli hicho hupunguzwa kwa kung'arisha eneo pana kwa dawa ya kukata rangi, siyo mahali pa herufi peke yake. Kosa la kawaida ni kukisugua kivuli chenyewe, ambacho ndicho rangi nzima iliyobaki kwenye buti. Kinachosuguliwa ni jirani zake, hadi tabaka lililopauka liondoke na pande mbili zikaribiane. Zikikaribiana mno tabaka la rangi huisha na msingi wa kijivu hutokeza, kwa hiyo kuna kuacha pia. Sijui kazi nyingine ya gereji ambapo fundi hulipwa kwa kujua wakati wa kuondoa mkono.

Kivuli huwa pia shahidi. Subaru Impreza ya injini ya kawaida ikivalishwa herufi za WRX STi, bei yake huota mbawa sokoni, na wapo wanunuzi waliolipia plastiki. Hati ya umiliki ya NTSA huonyesha ukubwa wa injini, lakini watu hununua kwa macho. Fundi anayeletewa gari kama hilo kupigwa rangi huibandua STi na kukuta chini yake kivuli cha maneno mengine kabisa, au hakuna kivuli, rangi imepauka sawasawa, maana yake nembo ilikuja juzi. Waliokomaa husema jambo hilo kwa mwenye gari mara moja tu, kwa sauti ya chini, na hawalirudii. Matatu hazina siri hiyo. Isuzu ya abiria thelathini na tatu ikibandikwa nyota ya Mercedes, hakuna abiria anayedanganywa wala anayejali. Kwa matatu nembo ni pambo kama michoro yake, ile michoro iliyonyamazishwa na sheria za waziri John Michuki za mwaka 2004 zilizoleta mstari wa njano, kisha ikaruhusiwa tena mwaka 2014.

Nembo mpya hupatikana wapi? Kwa gari la karibuni, Kirinyaga Road, ile Grogan ya wazee, hukosi. Kwa DX ni hadithi nyingine. Kenya hairuhusu gari la mtumba lenye zaidi ya miaka 8 kuingia nchini, kwa hiyo hakuna meli itakayoshusha Corolla ya 1982 Mombasa. Nembo yake itatoka kwenye DX nyingine iliyokufa hapa hapa. Na hapo hutokea jambo linalonikera, ingawa nakubali ni la hiari ya mwenye gari: nembo ya kweli ikikosekana, watu hubandika zile duara tatu za Toyota. Duara hizo zilianza mwaka 1989. DX inapozivaa ni kumvika babu sare ya shule ya mjukuu. Fundi wa kale hukataa, au hukubali huku akisonya. Peugeot ina bahati zaidi, kwani simba wake alikuwepo kwenye misumeno ya familia hiyo katika karne ya 19, kabla ya gari lolote, na 504 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 chini ya Ove Andersson ilikuwa na simba huyo huyo. Ila simba wa 504 ni wa kuvunjika mkia.

Kibera ina jibu lake kwa uhaba huu. Karakana za mapambo za huko husubu shaba nyeupe na njano kutoka kwa kufuli zilizokufa, bomba na mifereji ya maji, zikatengeneza hereni, bangili na vishikizo vinavyouzwa mbali na Nairobi. Kwa mikono hiyo herufi ya gari ni kazi ndogo, yenye mtego mmoja. Herufi nzima ya zamani hukandamizwa kwenye mchanga wenye unyevu, ikaacha umbo lake, na shaba iliyoyeyushwa kwenye joto la nyuzi mia tisa na zaidi ikamiminwa humo. Shaba ikipoa husinyaa, kiasi cha milimita moja na nusu katika kila sentimita kumi. Kwa hereni, nani atajua? Kwa jina lenye miguu mitatu inayotakiwa kuingia kwenye matundu matatu yaliyotobolewa Japani, milimita moja na nusu ni tofauti ya kuingia na kutoingia. Busara ni kusubu jina bila miguu, kulikata kwa tupa na msasa mpaka ling'ae, kisha kupima matundu kwenye gari lenyewe na kuchomelea miguu baadaye. Jina hilo la shaba halitafanana na la kromu. Litakuwa zito, na rangi yake itakuwa ya dhahabu inayogeuka kahawia kwa mvua. Mimi ningelichagua hilo kuliko duara tatu, kila siku.

Kubandika huonekana rahisi kuliko kubandua, na kwa kiasi fulani ndivyo, ilimradi fundi alifanya jambo moja kabla hajagusa kitu: aliweka alama. Kabla ya uzi na draya, vipande vya masking tepu hupangwa juu, chini na kando ya nembo ya zamani, penseli ikachora kingo zake. Asiyeweka alama hubaki akikisia, na jicho la mwenye gari, lililozoea jina mahali pake kwa miaka, hugundua kosa la nusu sentimita akiwa mita kumi. Mstari wa kufuata ni wa bati, ule mkunjo unaopita juu ya taa za nyuma. Ardhi ya Kawangware haiko sawa, na anayepima kwa kulinganisha na ardhi hubandika jina linalopanda mlima.

Eneo hupanguswa kwa spiriti, vidole havilirudii. Karatasi ya tepu huchunwa, nembo hushushwa ukingo wa chini kwanza, ikalazwa, ikakandamizwa kwa kiganja kwa nguvu, herufi moja moja. Tepu ya povu haishiki kwa muda wa kukaa pekee. Inataka kukandamizwa ili gundi ifike kwenye vinyweleo vya rangi. Baada ya dakika ishirini ina nusu ya nguvu yake. Nguvu yote huja baada ya saa 72, na hiyo ni kwa joto la kawaida. Asubuhi ya Julai, Nairobi ikiwa na nyuzi 11 na ukungu, bati ni baridi mno na gundi hubaki ngumu. Basi fundi hulipasha bati joto kwanza, au humwambia mteja aje saa saba. Kwa nembo ya miguu, kila tundu hutiwa silikoni kidogo kabla ya kijiti kuingia, na kingo zilizokwaruzwa hupakwa rangi kwa kijiti cha kiberiti. Wengi huiruka hatua hii kwa kuwa haionekani. Maji ya mvua huiona.

Mteja huambiwa asioshe gari siku tatu. Haambiliki. Kituo cha kuosha magari kiko hatua ishirini, gari lina vumbi, na kesho kuna mazishi ushago. Fundi huishia kukubaliana naye kwamba waoshe kila mahali isipokuwa hapo, na humwita kijana wa kuosha akamwonyesha kwa kidole.

Nembo za zamani hazitupwi. Kwenye kopo la rangi la lita nne, chini ya benchi, hukaa herufi za magari ambayo hayapo tena: R, O, L mbili, mkia wa simba, neno DELUXE lisilo na D. Nimemwona mzee wa Kawangware akiletewa pikapu ya Datsun iliyosomeka DATSU kwenye boneti. Alilimwaga kopo juu ya gunia na kutafuta N kwa muda mrefu. Kijana wake akaokota Z ya Mazda kuukuu, akaigeuza ubavu, akaiinua juu.

"Mzee, si hii hapa?"

Mzee aliipokea, akaiweka pembeni mwa U na kurudi nyuma hatua tatu. Ilikuwa N, kwa kweli. Ilikuwa pana kuliko wenzake kwa upana wa kidole, na mlalo wake ulikuwa mkali mno. Mwenye pikapu alisema inatosha, aibandike tu, apunguze na bei. Mzee aliirudisha Z kwenye kopo, akafunika, akamwambia aache namba ya simu.